UZI: Monterrey ya Mexico, mji ambao viwanda ndo vilizaa michezo

Fundi_Mitambo (mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu. Kila uzi wa soka la Mexico humu ndani naona unaishia kwa klabu za América na Chivas, uwanja wa Azteca kidogo, basi watu wanafunga mjadala. Leo twendeni kaskazini kabisa, Monterrey, jimbo la Nuevo León, kama kilometa 220 toka mpaka wa Laredo, Texas. Mimi nipo Houston, kazini nimezungukwa na watu wa huko, wenyewe wanajiita regios, na kwao nimeshafika, kwa hiyo nachoandika hapa mengine nimesoma na mengine nimeyaona.

Hoja yangu ni moja na nitaitetea: michezo ya Monterrey huwezi kuielewa kama hujaanzia kwenye geti la kiwanda. Miji mingi ilianza na timu halafu wadhamini wakaja. Pale kiwanda kilitangulia, kikajenga kiwanja, kikanunua jezi, timu ikatokea humo humo.

Cheki mfuatano. Mwaka 1890 kinaanzishwa kiwanda cha bia, Cervecería Cuauhtémoc. Bia inataka chupa, kwa hiyo mwaka 1909 familia zile zile zinafungua kiwanda cha kioo, Vidriera. Chupa inataka kizibo, kikaja kiwanda cha vizibo. Huku pembeni mwaka 1900 imeshaanzishwa Fundidora, kiwanda cha chuma, na 1903 tanuru lake kubwa likawashwa wakati Amerika ya Kilatini yote hakuna mwenye kiwanda cha chuma cha namna ile. Mwaka 1906 ikaanza saruji kwenye mji wa Hidalgo jirani hapo, ambayo leo dunia nzima inaijua kama Cemex. Maelfu ya watu wakatoka vijijini, wengi hata umeme walikuwa hawajawahi kuuona, wakaja kusimama mbele ya tanuru zamu nzima.

Sasa ukishakuwa na maelfu ya vijana wana mshahara na wana Jumapili moja ya kupumzika utawafanya nini? Mwaka 1918 wenye kiwanda cha bia wakaanzisha chama cha wafanyakazi wao, matibabu, shule, akiba na VIWANJA. Fundidora nao wakawa na shule zao na timu zao. Mabosi hawakuwa malaika, tusidanganyane, sehemu ya lengo ilikuwa mfanyakazi asivutwe na vyama vya wafanyakazi vyenye msimamo mkali, awe na chama cha kampuni na jezi ya kampuni. Ila kiwanja kikishakuwepo mtoto wa mfanyakazi hajali kimejengwa kwa nia gani, yeye anacheza.

Inaendelea, nipo kazini, nikipumzika naleta sehemu ya pili.

kipa_namba_mbili

Mkuu umeanza vizuri ila soka linaingia wapi hapo? Mi nilijua utaanza na timu ya Tigres na yule Mfaransa Gignac.

Fundi_Mitambo

Tulia kaka, soka halikuwa la kwanza pale. Kwanza besiboli.

Mwaka 1939 ilianzishwa timu ya besiboli ikaitwa Carta Blanca, jina la bia, halikufichwa hata kidogo. Ndo hao leo wanaitwa Sultanes, mabingwa wa Mexico mara 10. Na mwaka 1996 ligi kuu ya Marekani ilipocheza mechi za msimu kwa mara ya kwanza nje ya Marekani na Canada ilizipeleka Monterrey, timu za Padres na Mets, mwezi wa nane, na aliyeanza kurusha siku ya kwanza ni Fernando Valenzuela, Mmexico mwenyewe, na akashinda. Mzee mmoja wa kazini kwetu alikuwepo uwanjani siku ile, ukimgusa hiyo stori kazi inasimama.

Lakini stori ninayotaka kila mtu humu aijue ni ya mwaka 1957. Watoto wa miaka 12 na kushuka chini, ligi ya watoto ya eneo la viwanda, wazazi wao wengi ni watu wa viwandani, kiwanja chao vumbi na kokoto ambazo waliziokota wenyewe kwa mikono. Wanavuka daraja la Reynosa kwenda McAllen, Texas, KWA MIGUU, kucheza mashindano ambayo ukifungwa mara moja unarudi kwenu. Ruhusa ya kukaa Marekani ya siku chache tu kwa sababu kila mtu alijua watapigwa mapema waondoke. Wakaifunga timu ya Mexico City 9-2. Wakashinda iliyofuata, na iliyofuata, hela ikaisha, viza zikaisha, ikabidi wahangaike kuongezewa muda, wakala kwa msaada wa watu waliowaonea huruma njiani. Wakapita Texas, wakapita Louisville huko Kentucky, wakafika Williamsport, Pennsylvania, fainali ya dunia ya watoto.

Tarehe 23 Agosti 1957, fainali na La Mesa ya California. Wale watoto wa California wastani wa uzito kilo 58 hivi, wa Monterrey kama kilo 42. Mrushaji wa Monterrey anaitwa Ángel Macías, mtoto anayerusha kwa mkono wowote, kulia au kushoto, siku ile akatumia kulia. Wapigaji 18 walisimama mbele yake na wote 18 wakatoka bila hata mmoja kugusa besi ya kwanza. Kwa wasiojua mchezo, hiyo ni kama kipa asiyepigiwa hata shuti moja dakika 90, na mpaka leo hakuna mwingine aliyefanya hivyo kwenye fainali ile. Mechi ikaisha 4-0, timu ya kwanza kutoka nje ya Marekani kuchukua kombe. Wakapelekwa mpaka kwa Rais Eisenhower. Na mwaka uliofuata, 1958, Monterrey ikachukua tena, sasa hapo utasema bahati?

Mama_Nasra

Jamani nimesoma hii nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo. Kilo 42 kwa kilo 58! Mwanangu ana miaka 12 ana kilo 39, nimemwangalia kwa jicho lingine leo. Endelea kaka, na usisahau wanawake, najua nyie wanaume mkifika kwenye soka mnasahau.

Fundi_Mitambo

Dada Mama Nasra sisahau, na kwa Monterrey ukisahau wanawake umeharibu uzi mzima. Inakuja.

Soka sasa. Juni 1945 inaanzishwa Club de Fútbol Monterrey, wanaitwa Rayados, wenye mistari, kwa ajili ya jezi ya bluu na nyeupe. Miezi michache tu baadae, Septemba, timu ipo njiani kwenda mechi Guadalajara, basi likashika moto pale San Juan de los Lagos. Wachezaji wakafariki, wengine wakaungua vibaya. Msimu ukamaliziwa kwa wachezaji wa kuazima kisha klabu ikafungwa. Ikarudi 1952. Klabu ambayo kitu chake cha kwanza kukumbuka ni mazishi, watu wake wana namna yao ya kuipenda ambayo siwezi kuieleza vizuri kwa maandishi.

Tigres wao ni 1960, timu ya chuo kikuu cha serikali cha Nuevo León, UANL, njano na bluu. Wakapanda daraja kuu 1974 na mwaka huo huo ndo dabi ikaanza, Clásico Regio. Ubingwa wa kwanza Tigres 1978, wa pili 1982, enzi za Tomás Boy na yule Mperu Gerónimo Barbadillo. Rayados wakiwa wanaangalia tu.

Halafu ukaja 1986 na huo mwaka wakuu naomba tukae nao kidogo.

Machi 1, 1986 Rayados wanachukua ubingwa wao wa kwanza kabisa, kijana wa nyumbani Francisco Javier Cruz, anaitwa el Abuelo, ndo mfungaji wao. Mji umelipuka. Mwezi wa tano, kabla hata shangwe haijapoa, Fundidora inatangazwa kufilisika, tanuru linazimwa, maelfu ya wafanyakazi wanaambiwa kesho msije. Kiwanda cha tangu 1900. Mwezi wa sita linaingia Kombe la Dunia na Monterrey ina viwanja viwili, Tecnológico na Universitario. Yaani miezi minne, ubingwa, kifo cha kiwanda, Kombe la Dunia. Baba wa jamaa ninayefanya nae kazi alikuwa Fundidora, anasema mzee alipewa tiketi ya mechi na barua ya kuachishwa ndani ya wiki chache, tiketi akampa mdogo wake, yeye hakwenda.

Na Afrika ilikuwepo pale. Morocco walicheza mechi zao mbili za kwanza Monterrey, 0-0 na Poland, 0-0 na England, ile ambayo Ray Wilkins wa England alitolewa kwa kadi nyekundu na mwenzake Bryan Robson akatoka bega limechomoka. Wakaenda Guadalajara wakaipiga Ureno 3-1 na wakawa timu ya kwanza ya Afrika kuongoza kundi Kombe la Dunia. Wakarudi Monterrey, Universitario, Juni 17, Ujerumani Magharibi, wakakaza mpaka dakika za mwisho mwisho kabisa, Lothar Matthäus akapiga frikiki ya chini chini ikapita pembeni ya ukuta ikaingia. 1-0. Siku nne baadae uwanja ule ule Mexico wenyewe wanatolewa na Wajerumani hao hao kwa penati, na lile goli la Abuelo Cruz lililokataliwa bado linaumiza watu, mtaje refa mbele ya mzee wa Monterrey uone.

mwana_wa_Kisauni

Kaka hiyo ya Morocco babangu alikuwa akitusimulia kila Kombe la Dunia, lakini hakuwahi kututajia mji. Leo nimejua ni Monterrey. Swali: hizi timu mbili sasa ni za nani? Nasikia Rayados ni ya matajiri na Tigres ni ya wananchi.

Fundi_Mitambo

Ndo wanavyotaniana hivyo ndugu yangu ila ukweli hauko hivyo kabisa. Rayados ipo mikononi mwa FEMSA, hiyo ni kampuni iliyotokana na kiwanda kile kile cha bia cha 1890 (bia yenyewe waliiuza kwa Heineken 2010, klabu hawakuiuza, hapo fikiria mwenyewe). Tigres ni ya chuo cha serikali kweli, lakini tangu 1996 imekuwa ikiendeshwa na watu wa Cemex. Yaani dabi ya Monterrey ni bia dhidi ya saruji, kiwanda dhidi ya kiwanda, miaka mia na zaidi baadae.

Na huo 1996 Tigres walishuka daraja, na waliowasindikiza ni Rayados, mwezi wa tatu, dabi, Tigres wakafungwa 2-1 nyumbani kwao ikawa imeisha. Uliza kama uwanja ulikuwa mtupu msimu uliofuata wakiwa daraja la chini. Haukuwa. Wakarudi 1997.

kipa_namba_mbili

Mi sikubaliani na wewe kwenye kitu kimoja. Unapamba sana haya makampuni. Kampuni ikishakuwa na timu, shabiki anakuwa mteja tu. Tiketi zinapanda, maskini anaangalia kwenye tv. Hapa kwetu timu za viwanda zilikuwepo, kiwanda kikiyumba na timu inakufa.

Fundi_Mitambo

Hapo umegusa penyewe na sikupingi kwenye bei. Uwanja mpya wa Rayados, BBVA, ulifunguliwa Agosti 2015 kwa mechi na Benfica, watu elfu 53 hivi, mzuri mno, upande mmoja umeshushwa makusudi ili ukiwa umekaa kwenye kiti chako uuone mlima wa Cerro de la Silla. Nimekaa pale jua linazama, mlima unabadilika rangi na mchezo unaendelea, nilikuwa nasahau kuangalia mpira. Lakini umejengwa pembeni ya La Pastora, eneo la miti na mto, watu wa mazingira walipinga kwa miaka, hawakusikilizwa. Na mfanyakazi wa kawaida kumpeleka mke na watoto watatu pale lazima ajipange.

Ila tofauti na unachosema, pale kiwanda cha chuma kilikufa na michezo haikufa. Hiyo ndo naona ya kujifunza kuhusu mji ule. Sababu kiwanda hakikuacha timu peke yake, kiliacha tabia. Mtu wa Monterrey Jumamosi bila mechi na nyama ya kuchoma anaona wiki haijaisha. Ukienda uwanjani fika masaa matatu kabla uone pale kwenye maegesho, buti za magari zimefunguliwa, majiko ya mkaa yamewashwa, arrachera, nyama ya ng'ombe ya kuchoma, inakatwa kwa kisu kikubwa juu ya kibao, tortilla za ngano, kama chapati, zinapashwa pembeni, bibi kavaa jezi ya mistari, mjukuu wake kavaa ya njano, wanakula sahani moja. Nilikaribishwa na watu nisiowajua kabisa, nikapewa taco mkononi kabla sijaulizwa jina.

Na viwanja vya maskini vipo pia. Katikati ya mji unapita mto Santa Catarina, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mkavu, kokoto tupu. Watu wakaweka viwanja vya mpira humo humo kwenye kitanda cha mto, kimoja baada ya kingine, ligi za mitaa, timu za karakana, timu za wauza vipuri. Mwaka 1988 kikaja kimbunga Gilbert, mto ukajaa, watu wengi wakafa, na viwanja vikabebwa. Wakavirudisha. Julai 2010 kikaja kimbunga Alex, vikabebwa tena vyote.

Mzee_wa_Karakana

Wanangu nawasoma tu. Mimi nilikuwa mpenzi wa mieleka ya Mexico enzi za kanda. Blue Demon si wa huko huko?

Fundi_Mitambo

Shikamoo mzee wangu. Ndio, kazaliwa García, Nuevo León, na kabla ya kuvaa kinyago cha bluu alikuwa mfanyakazi wa reli Monterrey, mikono yake mikubwa ndo wakamuita Manotas. Pambano la kwanza 1948 huko Laredo. Ni yale yale mzee, mtu anatoka karakana anaingia ulingoni.

Mama_Nasra

Wanawake kaka. Nasubiri.

Fundi_Mitambo

Nimefika dada yangu. Ligi ya wanawake Mexico ilianza 2017. Fainali ya Mei 2018 ikawakutanisha nani? Tigres na Rayadas, yaani Rayados ya wanawake. Mechi ya marudiano BBVA walikuja watu 51,211. Ligi haijamaliza hata mwaka! Ikawa sare jumla 4-4, Tigres wakachukua kwa penati kwenye uwanja wa wenzao. Rayadas wakalipa 2019, na 2021 tena fainali ya timu hizo hizo Rayadas wakashinda kwa penati. Siku hizi ukitaja soka la wanawake Mexico ni hizo mbili kwanza halafu wengine.

Na dada zetu wamefika. Thembi Kgatlana wa Afrika Kusini alienda Tigres 2024, na mwaka huo huo Jermaine Seoposenwe, wa Banyana (timu ya taifa ya wanawake ya Afrika Kusini) pia, akawa Rayadas. Timu moja ya taifa, pande mbili za dabi. Uchenna Kanu wa Nigeria alishapita Tigres kabla yao. Na kwenye ligi hiyo hiyo, ingawa sio Monterrey, dada yetu Enekia Lunyamila alienda Mazatlán, kwa hiyo Watanzania tuna sababu ya kuifuatilia.

Mama_Nasra

Elfu hamsini na moja mwaka wa kwanza. Hii nampelekea kocha wa binti yangu leo leo.

mwana_wa_Kisauni

Sasa mkuu kati ya hizo mbili nani mkubwa? Tupe jibu moja usizunguke.

Fundi_Mitambo

Ligi Tigres wana 8, Rayados 5. Klabu bingwa ya CONCACAF (Amerika Kaskazini, Kati na Karibiani) Rayados 5, Tigres 1. Fainali ya ligi walikutana Desemba 2017, Tigres wakashinda 2-1 pale pale BBVA, Avilés Hurtado akapaisha penati ambayo ingewarudisha Rayados mchezoni. Mwaka 2019 wakakutana fainali ya CONCACAF, Rayados wakachukua. Tigres chini ya kocha Tuca Ferretti ndo wakamaliza ukame wa miaka 29, Desemba 2011, mwaka ambao mji ulikuwa unaishi kwa hofu, miezi minne baada ya jumba la kamari la Casino Royale kuchomwa moto na watu 52 kufa. Wakati huo kutoka usiku tu ilikuwa ni uamuzi, na watu walitoka.

Gignac alikuja 2015 kutoka Marseille akiwa bado mshambuliaji wa Ufaransa, watu wakasema kafuata hela atakaa msimu mmoja. Februari 2021 huko Qatar akafunga penati ya kuitoa Palmeiras, Tigres ikawa klabu ya kwanza ya CONCACAF kufika fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia, Bayern wakawafunga 1-0. Rayados nao kwenye mashindano hayo hayo 2025 walikuwa na Sergio Ramos, akaifunga Inter kwa kichwa, wakapita kundi bila kupoteza mechi.

Jibu moja: kwa ligi, Tigres. Kwa bara, Rayados. Mimi moyo wangu upo kwa Rayados, kwa ajili ya basi la 1945.

kipa_namba_mbili

Sawa mkuu, kwenye tabia nimekuelewa, kwenye bei bado tunadaiana. Kama mtu akitaka kwenda? Maana Kombe la Dunia 2026 BBVA ilipewa mechi nne.

Fundi_Mitambo

Mechi nne, na mbili kati ya hizo zilipangiwa Tunisia, nyingine Afrika Kusini na Korea, kwa hiyo Afrika na Monterrey walipangiwa kukutana tena baada ya Morocco.

Ukienda wakati wa ligi anza na Parque Fundidora, ndo eneo la kile kiwanda cha chuma, sasa ni bustani kubwa, watu wanakimbia asubuhi na kuendesha baiskeli katikati ya mitambo. Tanuru namba 3 ni makumbusho tangu 2007, unapanda mpaka juu kabisa. Jumba la wakongwe wa besiboli la Mexico, ambalo tangu 1973 lilikuwa ndani ya eneo la kiwanda cha bia, nalo lilihamishiwa humo 2019, pita hapo uulizie Ángel Macías. Halafu kama ni Jumamosi na Tigres wapo nyumbani tafuta tiketi ya Universitario mapema sana, watu wanaiita Volcán, ni zege tupu la 1967, hakuna paa, tiketi za msimu watu hawaziachii. Panda metro laini namba 2, uvae kitu chepesi maana joto la kule mwezi wa nane linafika nyuzi 40, na jezi ya mistari iache hotelini.